Kilima cha Kasubi na Haki ya Jirani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Waislamu wa Mulago, Kampala

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.



Katika dini ya Kiislamu haki ya jirani ni haki kubwa. Wanavyuoni wameeleza kwamba jirani ana haki hata akiwa si wa dini moja na mtu, wala si wa kabila lake. Yapasa asalimiwe, azuriwe akiugua, apewe mkono wa pole akifiwa. Na nyumba yake ikishika moto, yapasa majirani wawahi na maji kabla hawajaulizana ni nani aliyeacha jiko likiwaka.

Walakini jirani si mtu tu. Hata mahali huwa jirani. Mtu atokaye Mulago kwa miguu, akateremka Wandegeya, akafuata njia ya Makerere mpaka Nakulabye, kisha akaishika barabara ya Hoima, hufika kilima cha Kasubi kwa muda usiotimia saa mbili. Kilima hicho ni jirani wa Mulago. Nacho kilishikwa na moto. Hotuba hii yakusudia kueleza kilima hicho ni kitu gani, kina uhusiano gani na Waislamu, na ni haki gani ya ujirani ambayo bado haijalipwa.

Huko nyuma kilima hicho kilijulikana kwa jina la Nabulagala. Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake hapo mwaka 1882, na alipofariki mwaka 1884 alizikwa ndani ya jumba hilo hilo, nalo likawa kaburi. Nyumba hiyo huitwa Muzibu Azaala Mpanga. Kisha wakafuata watatu wengine. Mwanga wa Pili alifia uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli mwaka 1903, mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili alifariki mwaka 1939. Edward Mutesa wa Pili alifia London mwaka 1969, naye akarudishwa na kuzikwa hapo mwaka 1971. Hivyo wawili kati ya wanne hao walifia ugenini. Na watu wa nchi hawakuridhika mpaka miili yao ilipolazwa mahali pamoja na baba zao.

Eneo lote la Kasubi lapata hekta 26.8. Si nyumba moja tu, bali ni nyumba nyingi, na njia, na miti, na mashamba, na makazi ya walinzi. Katikati yake yasimama nyumba kuu, ya duara, yenye upana wa meta 31, na paa lake la nyasi lashuka karibu kugusa ardhi. Ndani ya paa mna pete 52 zilizofungwa kwa ustadi, na kila pete ni alama ya ukoo mmoja katika koo 52 za Buganda. Waezekaji ni watu wa ukoo wa Ngeye, na kazi hiyo ni amana yao tangu zamani. Anayeingia huvua viatu mlangoni, akaketi juu ya mkeka. Nyuma ya pazia kubwa la lubugo, yaani nguo ya gome la mti, ndimo yalimo makaburi, nako huitwa msituni. Kwa maana katika desturi ya Baganda haisemwi kwamba Kabaka amekufa, husemwa kwamba ametoweka akaenda msituni.

Huenda msikilizaji akauliza: Haya yote yawahusu nini Waislamu? Jawabu ni kwamba yawahusu sana, kwa kuwa sura za kwanza za habari za Uislamu katika Uganda haziwezi kusomwa bila ya kumtaja aliyelala Kasubi.

Mwaka 1844 mfanya biashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suna wa Pili. Habari zilizopokewa zasema kwamba alipoona watu wakiuawa mbele ya mfalme, alisimama akamwambia kuwa watu wale ni viumbe wa Mwenyezi Mungu aliyemwumba hata mfalme mwenyewe, na kwamba si haki kuwaua bila sababu. Neno hilo lilikuwa zito. Mtu mgeni, asiye na jeshi, alilisema katika baraza ambalo hapana aliyezoea kusema hivyo. Na Suna hakumdhuru, bali aliuliza habari za huyo Mungu. Ndiyo mwanzo wa Uislamu kusikiwa katika Buganda, miaka zaidi ya 30 kabla ya kufika kwa wamisionari.

Suna alipofariki mwaka 1856, mwanawe Mutesa alishika ufalme. Mutesa alikwenda mbali kuliko baba yake. Alijifunza herufi za Kiarabu, akajua na Kiswahili, akajenga msikiti katika jumba lake, akafunga Ramadhani kwa muda wa miaka yapata 10 tangu mwaka 1867, na akawaamuru watu wa baraza wafunge pia. Kalenda ya Kiislamu, salamu za Kiislamu na kuchinja kwa halali viliingia katika nyumba ya mfalme. Hata kuzikwa kwake kulibeba alama ya mabadiliko. Kabla yake, desturi ilikuwa kutenga taya la Kabaka aliyefariki na kulihifadhi peke yake. Mutesa alikuwa Kabaka wa kwanza kuzikwa mwili mzima. Kwa hiyo kaburi la Kasubi lenyewe, kwa namna lilivyo, ni ushahidi wa mafundisho yaliyoingia nchini katika siku zake.

Lakini yapasa kusema kweli yote. Mutesa huyo huyo, mwaka 1876, aliamuru kuuawa kwa vijana Waislamu wa baraza lake. Kosa lao lilikuwa kushika dini kwa ukamilifu kuliko mfalme alivyotaka: walikataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, na walikataa kusali nyuma ya imamu asiyetahiriwa. Wapatao 70, kwa hesabu inayotajwa sana, waliuawa Namugongo, miaka 10 kabla ya Wakristo waliouawa hapo hapo. Basi Kasubi amelala mfalme aliyeupokea Uislamu na kuwaua Waislamu. Habari za kale hazichaguliwi kama maembe sokoni, likatwaliwa bivu na kuachwa lililooza. Mwenye kuhifadhi huhifadhi yote mawili, ili watoto wajue neema ilitoka wapi na gharama yake ilikuwa nini.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ya Muzibu Azaala Mpanga iliungua. Nyasi kavu, matete na miti havikupa nafasi. Kwa usiku mmoja liliteketea paa, na pamoja nalo vitu vilivyokuwamo ndani: mikuki, ngao, ngoma, picha, na yule chui aliyekaushwa, ambaye wageni wengi walimkumbuka kuliko kitu kingine chochote. Makaburi yenyewe, kwa kuwa yamo chini ya ardhi, yalisalimika. Asubuhi watu walimiminika kutoka kila upande wa nchi, wakalia hadharani kama watu waliofiwa. Maneno mengi yalisemwa juu ya chanzo cha moto, na tume ya uchunguzi ikaundwa. Lakini kwa jirani, kama ilivyosemwa mwanzo, swali la kwanza ni maji na pole.

Ikumbukwe kwamba mahali hapo palikuwa pamekwisha kupewa heshima na ulimwengu. Mwaka 2001 UNESCO ilipaandika Kasubi katika orodha ya Urithi wa Dunia. Msitu wa Bwindi na milima ya Rwenzori ilikuwa imeandikwa tangu mwaka 1994 kwa ajili ya maumbile yake. Kasubi palikuwa mahali pa kwanza katika Uganda kuandikwa kwa ajili ya kazi za mikono na akili za wanadamu. Baada ya moto, mwaka huo huo wa 2010, pakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Ndipo ikaanza kazi ya kujenga upya, nayo haikuwa nyepesi. Mwaka 2013 Katikkiro Charles Peter Mayiga alianzisha mchango ulioitwa Ettoffaali. Neno hilo ni lile lile tofali la Kiswahili. Alizunguka wilaya kwa wilaya, na kila mtu, tajiri na maskini, alialikwa atoe kiasi chake kama anayeleta tofali moja ukutani. Haba na haba hujaza kibaba. Serikali ya Uganda ilitoa fedha, na Serikali ya Japani, kwa mkono wa UNESCO, ilisaidia katika ulinzi dhidi ya moto. Mwezi wa Septemba 2023, zaidi ya miaka 13 baada ya ule usiku mmoja, Kasubi iliondolewa katika orodha ya hatari.

Usiku mmoja kuharibu. Miaka 13 kujenga. Hapo pana fundisho. Fedha zilihitajika, lakini fedha peke yake hazikutosha. Saruji hununuliwa dukani. Ustadi wa kufunga pete 52 na kulaza nyasi kwa namna ya Ngeye haununuliwi. Huo wakaa katika mikono ya wazee, na mzee asipomfundisha kijana, siku ya kuzikwa kwake ustadi huzikwa pamoja naye. Kwa hiyo katika kujenga upya ilibidi vijana wafundishwe kazi hiyo hatua kwa hatua, tangu kuchagua nyasi na kuzikausha, mpaka kuzifunga mafungu na kuzipandisha juu.

Kadhalika ni hali ya lubugo. Fundi hubambua gome la mti wa mutuba, akalilainisha kwa moto na mvuke, akalitwanga kwa nyundo za mti zenye mifereji mpaka likawa nguo laini ya rangi ya udongo. Kisha huufunika mti kwa majani ya mgomba, kama muuguzi afungavyo jeraha, nao hupona na kutoa gome jingine. Mti mmoja huweza kutoa nguo kwa miaka mingi. Katika karne ya 19 wafanya biashara waliotoka pwani, Waarabu na Waswahili, waliingiza nguo za pamba, na tangu hapo kazi ya lubugo ikapungua. Waislamu walileta dini na kuandika, na katika mzigo huo huo wakaleta amerikani iliyomwondoa fundi wa lubugo kazini. Wala hapana lawama katika biashara ya halali. Lakini ni sababu moja zaidi ya kuutazama ustadi huo kwa jicho la huruma.

Sasa lipo jambo zito ambalo halifai kupitwa. Wapo Waislamu wema, wenye hofu ya Mungu, wasemao: Kasubi pana mila zisizokubaliana na tauhidi, basi Mwislamu akae mbali. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa tauhidi ndiyo mali kubwa kuliko zote. Illa yapasa mambo mawili yatengwe. Kumwomba maiti, kuchinja kwa ajili ya kaburi, au kutafuta shufaa kwa mizimu, hayo Mwislamu hayafanyi, Kasubi wala kwingineko, wala hapana awezaye kumlazimisha. Lakini kubeba nyasi, kutoa tofali, kufagia njia, kupanda mutuba, na kumwonyesha mtoto mahali ilipotendeka habari ya kale, hayo si ibada ya kaburi. Kuhifadhi si kuabudu. Mtume (S.A.W.) mwenyewe, baada ya kukataza kuzuru makaburi hapo mwanzo, aliruhusu, kwa sababu humkumbusha mtu Akhera. Na Qur'ani Tukufu yawahimiza watu watembee katika ardhi wakaone mwisho wa waliotangulia. Ataonaje mtu mwisho wa waliotangulia ikiwa kila athari yao imeachwa ioze au iungue?

Tena wasikilizaji wanakumbuka kisa cha Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla ya Mtume kupewa utume. Koo ziligombana, kila mmoja ukitaka heshima ya kuliweka Jiwe Jeusi mahali pake, hata watu wakakaribia kumwaga damu. Mtume alitandaza nguo, akaliweka jiwe katikati, akawaambia wakuu wa koo washike kila mmoja upande wake, wakaliinua pamoja. Kisa hiki hakitajwi ili kulinganisha cheo cha Nyumba Tukufu na mahali pengine popote. Hapana mfano wake. Chatajwa kwa ajili ya hekima yake: kazi ya kujenga hugawanywa ili heshima igawanywe, na anayepewa upande wa kushika hana sababu ya kununa. Katika kazi ya Kasubi Waislamu nao wana upande wa nguo wa kushika, kwa kuwa wako Waislamu katika koo za Buganda, na wako hata katika nyumba ya kifalme. Mwana wa mfalme Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa wa Kwanza, ndiye aliyekuwa kiongozi wa Waislamu mpaka alipofariki mwaka 1921; na mwanawe, Badru Kakungulu, ndiye aliyetoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule.

Wala haifai Waislamu watazame nyumba ya jirani peke yake. Juu ya kilima cha Old Kampala, Kapteni Lugard alijenga boma mwezi wa Desemba 1890. Hapo ndipo yalipoanzia makumbusho ya Uganda mwaka 1908, kabla hayajahamishwa na kupata jengo lake la Kitante mwaka 1954. Leo juu ya kilima hicho wasimama Msikiti wa Taifa, fahari ya Waislamu wote wa nchi. Lakini katika kuujenga, jengo la zamani la boma liliondolewa, na mfano wake ukajengwa kando. Mfano hufundisha, wala hapana akataaye. Ila mfano si kitu chenyewe. Msikiti ulihitajiwa, na kumbukumbu ilihitajiwa pia. Na siku nyingine, penye haja mbili kama hizo, yafaa wazee wakae mapema watafute njia ya kuziweka zote mbili.

Je, Waislamu wa Mulago wafanye nini? Mambo matatu yanatosha kuanzia.

La kwanza ni mikono. Buganda ina desturi ya bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja kwa manufaa ya nchi. Zamani watu waliitwa kwa mlio wa ngoma uitwao Saagala agalamidde, maana yake: sitaki mtu aliyelala. Mwislamu aitwaye kwa adhana kila alfajiri hahitaji kufafanuliwa maana hiyo. Itangazwapo siku ya kusafisha au kukata nyasi Kasubi, au Wamala alikozikwa Suna, kundi la vijana wa madrasa pamoja na mwalimu wao laweza kwenda na majembe na mafagio, likasali adhuhuri kwa wakati wake, likarudi jioni likiwa limejua habari ambayo kitabu kisingewafundisha vizuri zaidi.

La pili ni kuandika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wapo wazee wanaojua msikiti gani ulijengwa na nani, kiwanja kilitolewa wakfu na ukoo gani, na mwalimu gani alisomesha wapi. Habari hizo ziandikwe wangali hai, jina na mwaka na mahali. Hati za wakfu, misahafu ya zamani na picha za maulidi zilizopita zitolewe katika masanduku yanayoliwa na mchwa, ziwekwe pakavu, na nakala zake ziwekwe mahali pa pili. Kwa maana moto haukuchagua Kasubi kwa kuwa ni Kasubi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kumbukumbu ukianguka hauna fundi.

La tatu ni adabu. Mwislamu aendaye Kasubi aende na adabu ya mgeni: avue viatu kama wengine, aketi alipoonyeshwa, asidhihaki asichokubali, wala asifanye asichokiamini. Adabu hiyo haipunguzi imani ya mtu; yamfanya jirani aione.

Mulago ni kilima kinachojulikana kwa tiba. Hospitali yake ilianza mwaka 1913, na jengo lake kubwa likafunguliwa mwaka 1962, na wagonjwa wa kila dini hupanda humo bila kuulizwa wanasali wapi. Wakazi wa Mulago wameishi miaka mingi kando ya mlango huo, nao wajua kwamba jeraha halingoji. Huoshwa na kufungwa mapema, ndipo hupona. Mutuba uliobambuliwa hufunikwa siku ile ile. Yasiwe majeraha ya nchi yatakayongoja miaka 13.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia katika imani, wale wa Namugongo na wote waliobeba neno la haki mbele ya wakubwa. Awape wazee umri wa kufundisha, na vijana masikio ya kusikia. Na awajaalie Waislamu wa Mulago kuwa majirani wema kwa walio hai na kwa kumbukumbu za waliolala.

Wabillahi tawfiq. Wasalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.